Kichuguu Kwenye Shamba la Mtu

Katika maisha yangu nimewaua mchwa wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nimewala wengi pia. Watu wa mjini hucheka nikisema hivyo. Hawajui kwamba kumbikumbi, yule mwenye mbawa anayeruka mvua zikianza, ni mtoto wa mchwa yule yule anayetafuna nguzo za nyumba zao. Kwetu upande wa Bungoma tunamla mtoto na kumlaani mzazi, wala hatuoni ajabu.

Nilipotoka chuoni Uganda, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliajiriwa Kitale katika kituo kilichochunguza wadudu waharibifu wa mimea. Nilitaka kahawa, nikapewa mchwa. Bwana wangu alikuwa Mzungu mrefu mwenye miguu ya korongo, na wafanyakazi walimwita Daktari wa Mchwa. Akina mama waliposikia neno daktari walimletea watoto wenye homa, naye akasimama mlangoni na koleo yake mkononi, uso umemwiva kwa aibu, akiwaelekeza hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufikiri jambo moja kwa wakati mmoja, na mara nyingi jambo hilo lilikuwa na miguu sita.

Kazi yenyewe ilitaka subira, nami subira sikujaliwa. Tulichimba udongo, tukawatenganisha mchwa chini ya hadubini, askari huku na wafanyakazi kule, kisha tukawalisha sumu na kungoja. Sumu ilikuwa unga mweupe wa aseniki. Hauna harufu, hauna ladha ya kumshtua mtu. Tuliupuliza ndani ya kichuguu kwa pampu, na kwa kuwa mchwa wana tabia ya kulambana, mmoja akiupata ukoo mzima umeupata. Bwana alitulazimisha kunawa mikono mpaka ngozi ikapauka. Alikuwa na haki. Nimeona mbwa wa askari wa lango akifa kwa kulamba ndoo moja tu.

Jumamosi hatukumwona. Siku hiyo alichukua fimbo zake za kuvulia na kupanda hadi kwenye mito inayoshuka Mlima Elgon, akarudi jioni ameungua shingo, na samaki watatu ambao hata paka asingeshiba. Alisema mtu asiyekwenda nje kucheza hawezi kufikiri vizuri ndani. Sikubishana naye, maana mimi pia nilikuwa na mchezo wangu. Mvua za kwanza zikinyesha niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani Mabanga kutega kumbikumbi na bibi yangu, mama yake baba, niliyemwita kukhu kama watoto wote wa kwetu.

Jumamosi ninayoisimulia nilikuwa kituoni asubuhi na mwenzangu mmoja, tukisafisha pampu. Yeye alitoka pwani, kijana msafi, mpenda utani, aliyeona watu wa bara kuwa ni kichekesho kisichoisha. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Bungoma, alikokwenda na bwana kujaribu dawa kwenye mashamba ya wenyeji. Mimi niliachwa Kitale na hadubini.

"Huko kwenu kuna vichuguu, bwana," akaniambia. "Mabanga tumekuta kimoja kama nyumba ya ghorofa. Mti umeota ubavuni, una maua ya njano, umelala kama mlevi anayetafuta ukuta. Tumekipiga dawa Jumatano. Hakitaamka hicho."

Nikaacha kusugua. "Kiko wapi hasa?"

"Katikati ya maharagwe ya mzee mmoja, karibu na kijito."

"Na mwenyewe alisemaje?"

"Alikubali mara moja. Tena alifurahi, akatupa maziwa."

"Nakuuliza mwenye kichuguu."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani mwenye mvua.

Sina budi kueleza, maana hata yeye ilibidi nimweleze huku nikitafuta baiskeli. Kwetu shamba ni kitu kimoja na kichuguu ni kitu kingine. Shamba linaweza kugawiwa, kuuzwa, kuhamia ukoo mwingine, lakini kichuguu hubaki na mwenyewe, na mwenyewe hukirithisha wanawe. Watu ambao hawajawahi kupasuana vichwa kwa ajili ya ng'ombe wamepasuana kwa ajili ya vichuguu. Kile chenye mti wa lusiola ulioinama kilikuwa cha babu yangu. Alipokufa, ndugu zake walimpa jirani lile shamba ili kumaliza kesi ya zamani, na kukhu akabaki na boma lake, migomba yake, na kile kichuguu katikati ya maharagwe ya mtu mwingine. Kila msimu alivuka mpaka, akakanyaga maharagwe, akatega. Jirani alinuna. Lakini hakuwa na la kufanya, maana mila ilikuwa upande wa mama mzee.

Nilitoka nje nikatazama kusini. Jana jioni nilikuwa nimeona mawingu meusi yameketi juu ya Bungoma, na sasa jua lilikuwa linawaka kali juu ya ardhi iliyolowa. Mtoto yeyote wa kwetu angekuambia maana yake. Ni leo. Kukhu yuko kichuguuni leo, na wajukuu wamemzunguka.

Basi la Bungoma lilikuwa limeondoka alfajiri. Simu ilikuwa ndani ya chumba cha bwana, na ufunguo mfukoni mwake, mtoni. Kwa baiskeli ningefika Mabanga usiku, watu wamekwisha kula na kulala. Lililobaki lilikuwa gari la bwana, na gari lilikuwa upande wa Endebess, mlimani, kinyume kabisa na nyumbani. Nikapanda baiskeli nikampa kukhu mgongo. Mpaka leo sijafanya jambo lililoniuma mwilini kama kule kukanyaga pedali nikienda nisikotaka.

Njia ilikuwa ya tope jekundu, linanata kama ugali uliokosa maji. Nilikuwa nikiomba Mungu na kutukana kwa pumzi moja. Nilimtukana jirani, nikamtukana bwana na samaki wake, nikamtukana hata babu yangu kwa kufa mapema. Mlima ulikaa pale pale, haukaribii. Mara mbili nilianguka, na mara ya pili nilikaa topeni nikilia, mwanamume mzima mwenye cheti cha chuo, kabla ya kuinuka.

Nilimkuta amesimama majini mpaka magotini, kofia imechomekwa ndoano za manyoya. Aliponiona akainua mkono nisikaribie, nisije nikawatisha samaki. Kazini tulizungumza Kiingereza, lakini hasira ikimpanda aliingia Kiswahili cha mashamba ya walowezi.

"Leo Jumamosi," akasema. "Mimi hapana taka maneno ya mchwa."

"Kile kichuguu cha Mabanga," nikasema, "watu wanakula kumbikumbi wake leo."

"Hapana. Mimi uliza muzee. Mimi sema, nyinyi natega hapa? Yeye sema, sisi hatutegi."

"Alisema kweli, bwana. Wao hawategi. Anayetega ni bibi yangu. Shamba ni la mzee, kichuguu ni cha bibi yangu."

Akakunja uso. Nilimwona akijaribu kuingiza jambo hilo kichwani na kichwa kikilikataa, kwani kwao aliye na ardhi ana kila kilicho juu yake na chini yake. Maji yalimpita miguuni. Nami nilisimama ukingoni, nikajua kwamba akisema neno moja tena la mabishano nitamrukia, kazi na iende.

Hakubishana. "Wanakula kiasi gani?" akauliza, kwa Kiingereza safari hii, sauti imeshuka.

"Mtoto hula kiganja tele akiwa bado anatega. Wabichi."

Alitoka mtoni akiacha fimbo imelala kwenye mawe. Sikuwahi kumwona akiacha fimbo yake. Tulipofika kwenye gari nilielekea nyuma, kwenye ubao, mahali petu sisi. Akafungua mlango wa mbele, akanipigia kelele niingie.

Kutoka mlimani kurudi Kitale, kisha Kiminini, kisha Kimilili, sikumbuki neno hata moja tulilosema. Nakumbuka suruali yake ikichuruzika maji kwenye kiti, na mikono yake imekaza usukani. Kila penye mteremko gari lilikwenda upande kama kaa. Kimilili alisimama kwenye duka moja, akaingia mbio, akatoka na mayai kofiani na debe dogo la maziwa. Hakungoja chenji. "Mayai mabichi na maziwa," akasema, "huifunga ile sumu tumboni. Kidogo. Si sana." Nikaona midomo yake imekauka, nikaelewa kwamba anaogopa kama mimi, na jambo hilo halikunifariji hata chembe. Nilikuwa nimetegemea kwamba mmoja wetu angalau ana hakika.

Kwenye daraja la mbao la mto Kuywa tulikuta gari la ng'ombe limekwama katikati. Niliruka chini nikaanza kusukuma pamoja na wenyewe, bwana naye akaja, na mmoja wao akacheka kumwona Mzungu amevaa kofia ya ndoano akisukuma makalio ya fahali. Jua lilikuwa linaanza kuegemea magharibi. Hiyo ndiyo saa kumbikumbi hutoka kwa wingi.

Sauti ya kutega niliisikia kabla ya kuona kitu. Vijiti vinapigwa juu ya gogo kavu, mfululizo, haraka haraka, ili kumbikumbi walio chini wadhani ni mvua na kupanda juu. Tangu utotoni sauti ile ilikuwa furaha yangu. Siku hiyo niliruka chini kabla gari halijasimama.

Walikuwa pale. Kibanda kidogo cha fito na majani ya migomba kilikuwa kimefunika matundu ya kichuguu, chini yake shimo lililotandikwa majani, na kumbikumbi wakidondoka humo kwa mamia. Niliwatazama kwa jicho la kazi kabla sijawatazama kwa jicho lingine. Hawakuwa sawa. Walitambaa kivivu, wengine wamelala chali, mbawa zinatetemeka. Watoto wa boma walikuwa wakipiga gogo kwa zamu, na kukhu alikuwa amechuchumaa kando ya shimo, mdogo, mkavu, kanga imefungwa kichwani. Aliinua uso, akacheka kwa furaha ya kuniona. Bawa moja lilikuwa limenata pembeni mwa mdomo wake.

Nilipiga kibanda teke kikavunjika. Watoto waliacha kupiga. Katika nchi yetu kuvunja kibanda cha mtu kichuguuni ni kutangaza vita, na kukhu alisimama kama msichana.

"Amekulipa ngapi?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani, ng'ambo ya maharagwe. "Mjukuu wangu! Umekuja na Mzungu kuninyang'anya?"

"Kukhu, umekula?"

"Kama hakukulipa, basi umerogwa."

"Kukhu! Humo mna sumu. Umekula?"

Akafuta mdomo. "Nani ameitia?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na huyu," nikasema. Sikuwapo Jumatano hiyo, lakini mshahara ulikuwa mmoja, na sikuona maneno mengine ya kumwambia.

Kisha akakaa chini polepole. "Nimeonja tu. Mwenye kichuguu huonja wa kwanza, ndipo wengine waruhusiwe. Unajua hilo."

"Wangapi?"

"Kwani kumbikumbi huhesabiwa?"

Niliwageukia watoto. Wadogo wawili walikiri kuiba wachache, wakubwa wakakana kabisa kisha nao wakakiri nilipowashika masikio. Bwana alikwisha kuvunja mayai ndani ya maziwa. Watoto walikunywa kwa woga wa Mzungu, nikawatia kidole kooni wakatapika palepale. Kukhu alikataa. Alisema hawezi kunywa kitu cha mtu asiyemjua ukoo. Nilikichukua kikombe nikampa kwa mkono wangu, nikammwagia nusu kifuani. Hapo ndipo alipokunywa. Nadhani alikunywa kwa kunihurumia.

Halafu nikaona vikapu. Palikuwa na vikapu vitupu vimelala kwenye nyasi, vina mbawa tu ndani, vimekwisha kupelekwa na kurudishwa.

"Umewapelekea akina nani?"

Nilirudia, nikamlilia, nikamwapia. Alitazama chini. Nilimjua. Kwao, kizazi chao, chakula ukishakitoa kimetoka. Kumtaja uliyempa ni kumhesabia, na kukidai ni kumwambia kwamba hafai kula chakula chako. Mtu aliyefanya hivyo hakuketi tena karibu na watu.

"Afadhali nife mimi," akasema, "kuliko kupita boma kwa boma nikidai nilichotoa."

"Hutapita wewe. Nitapita mimi."

"Ni mamoja. Wewe ni mimi."

Nilimwacha na bwana, nikakimbia. Sikuhitaji majina. Nilipokuwa mdogo vikapu vile nilivipeleka mimi, na njia zake nilizijua gizani. Katika boma la kwanza mama mmoja alikuwa amewaweka kwenye kikaango bila mafuta, wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe, na harufu ile tamu imejaa ua. Nilipiga kikaango kikaruka. Alinifukuza na mwiko mpaka mlangoni, akipiga yowe kwamba mjukuu wa fulani amepata wazimu wa vitabu. Kwa mbali, nikiwa njiani, nilimpigia kelele ya sumu, na yowe lake likakatika.

Boma la pili walikuwa wameanza. Mzee wa pale, mjomba wa baba yangu, alikuwa amekwisha kuchota kwa vidole mara mbili tatu na anatafuna. Nilimweleza. Akatema, akasukutua, kisha akaniuliza, kwa upole, swali ambalo limenikaa kuliko matusi ya yule mama: "Na nyinyi mliosoma, mnapotia sumu kwenye chakula cha watu, huwa mnafikiri watu watakula nini?" Nilimwambia anywe maziwa, anywe sana, nikaenda.

Kikapu kimoja kilibaki. Hicho nilijua kimekwenda wapi, na nilikiacha mwisho kwa sababu nilidhani ndicho salama kuliko vyote. Kila msimu, kabla ya kumpa ndugu yeyote, kukhu alipeleka kikapu cha kwanza kwa jirani mwenye shamba. Kilikuwa kikubwa kuliko vingine. Alikibeba mwenyewe. Hiyo ilikuwa haki ya yule aliyekanyagiwa maharagwe, hata kama ananuna. Naye jirani alijua kuhusu sumu. Alisimama akitazama pampu ikifanya kazi. Lazima amewakataa wale kumbikumbi, nikawaza, lazima amemwambia. Kisha nikiwa katikati ya njia akili ikanigonga. Kama angemwambia, kukhu asingekuwa kichuguuni.

Bwana alinikuta kwenye mpaka. Kukhu alikuwa garini, amejikunja kwa tumbo, macho kayafumba. Tuliingia pamoja katika ua wa jirani.

Mlango ulikuwa umefungwa mchana ule wa jua. Tulipobisha alifungua mwenyewe. Ndani, juu ya meza, kilikaa kikapu, kimefunikwa jani la mgomba lililokuwa bado halijafunuliwa. Mkewe na watoto walikuwa wameketi kwenye mkeka ukutani. Kwa sababu ya Mzungu alisema Kiswahili, Kiswahili cha kwetu.

"Kikapu iko hapa," akasema. "Hapana mtu amegusa. Hata mutoto."

"Alikuletea saa ngapi?" nikauliza.

"Mchana."

"Ukapokea?"

"Nilipokea na mikono mbili. Nikasema asante."

"Ulijua kuna sumu."

"Si nilikuwa hapo? Nilikumbuka dawa yenu."

"Kwa nini hukumwambia!"

Nilikuwa nimemshika shati. Bwana alinitenga. Jirani hakujitetea kwa mikono, alisimama tu, mzee mwenye mvi, na ninaona aibu kusema kwamba alichojibu kilikuwa na akili.

"Ningemwambia nini? Miaka yote mimi nasema hiki kichuguu iko kwa shamba yangu, yeye anasema ni yake. Leo nimwambie, mama, usile, iko sumu. Angeniamini? Angesema huyu mwizi anataka kunizuia. Angecheka. Angekula mbele yangu ndio nione."

"Ungesema hata hivyo."

"Huyu bwana aliniuriza shamba ni ya nani," akasema, akimwonyesha bwana kwa kidevu. "Nikamwambia. Kichuguu hakuniuriza."

Bwana alielewa. Nilimwona akielewa, na rangi ikamtoka. Wiki iliyofuata alisimamisha majaribio yote ya Bungoma na akawa anaulizia vichuguu kwa wakwe na mashemeji kama mshenga, mpaka watu wakamcheka. Siku hiyo alichukua kikapu akakibeba nje kwa mikono yake.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilitaka kusema neno ambalo mzee yule angekufa nalo. Nilichokuwa nakiona ni kukhu akivuka maharagwe na kikapu kichwani, akibisha, akipokelewa kwa mikono miwili, akishukuriwa, akigeuka kurudi kichuguuni, na nyuma yake mlango ukifungwa. Mkewe alianza kulia, na nikaondoka.

Katika zahanati ya Bungoma walimlaza karibu na dirisha. Alitapika mpaka hapakuwa na cha kutapika, na bwana ndiye aliyeshika beseni, kwa sababu msaidizi wa zahanati alikuwa mmoja tu na ana watu wengine. Watoto waliletwa na baba yangu mdogo kwa baiskeli. Walikuwa wamechoka lakini macho yao yalikuwa makavu na walianza kudai chakula. Mjomba wa baba hakuugua hata kidogo, akaendelea kuishi miaka mingi akinikumbusha. Kukhu ndiye tuliyemngojea. Msaidizi alisema akikojoa kabla ya jua kuzama, basi figo zimeishinda sumu, ataishi. Tulikaa tukitazama jua, msomi wa wadudu na mwanafunzi wake, tukimngojea bibi kizee akojoe, na sijawahi kutamani kitu duniani kama nilivyotamani hicho.

Alikojoa. Miguu yake iliingia ganzi ambayo haikumtoka tena, na kichuguu kilikufa kabisa, lakini yeye aliishi.

Jua lilipokuwa ukingoni alifungua macho, akanitafuta. Nilidhani ataniuliza kuhusu kichuguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na majibu ya kitaalamu ya kumdanganya. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mwepesi.

"Jirani," akasema kwa shida. "Nilimpelekea mwenyewe. Nilimjazia, mwaka huu maharagwe yake niliyakanyaga sana. Umemwahi?"

Bwana hakuelewa lugha yetu, lakini aliacha kukunja taulo akanitazama usoni.

"Nimemwahi, kukhu," nikasema. "Hajala hata mmoja."

"Watoto wake?"

"Hata wao."

Alifumba macho, machozi yakamtiririka mpaka masikioni, akawa anamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, mara nyingi, akilitaja jina la yule mtu kama anavyotaja majina ya wanawe. Kisha akasema hilo ndilo lililokuwa likimuuma tangu mchana, kuliko tumbo.